Swichibodi tatu na kitufe kimoja chekundu: nilichokifanya Karagwe miaka ya themanini

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Juzi humu ndani kijana mmoja aliuliza namna ya kustack switch nne za mtandao wa kompyuta za ofisini kwao ili azisimamie kama switch moja. Wengine mlimjibu vizuri, wengine mkamjibu kwa kejeli kama kawaida yenu. Mimi nilisoma kimya kimya mpaka mwisho, nikaona nianzishe uzi wangu, maana swali lake limenigusa pabaya.

Nitakayoandika ni kweli tupu. Majina ya watu nimebadilisha, basi. Wapenzi wa chai, yaani hadithi za kutunga, jukwaa lenu mnalijua.

Kwa wavivu wa kusoma, kifupi ni hiki: mwishoni mwa miaka ya themanini niliunganisha swichibodi tatu za simu kule Karagwe zikafanya kazi kama moja. Zilifanya kazi vizuri. Halafu nikabadilisha jambo moja dogo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa heshima zote na nia njema. Kosa likamwangukia dada yangu Adela, siku anajifungua mtoto wake wa kwanza.

Waliobaki, tuendelee.

Mimi ni mzaliwa wa Nyakakika. Nilisomea ufundi simu Dar, nikarudi nyumbani nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa vijijini. Jina siliweki, na wenyewe ulishafungwa zamani. Ulishughulika na mambo mawili: kahawa, na afya ya mama na mtoto. Msiniulize vinahusianaje, wafadhili wana akili zao.

Mradi ulikuwa na vituo vitatu. Ofisi Kayanga. Ghala la kahawa Ihanda. Na zahanati kijijini kwetu, upande wa Nyakakika.

Siku moja likaja lori na mitumba kutoka Ulaya: baiskeli, mablanketi, na swichibodi tatu za jeshi la nchi fulani huko. Masanduku ya kijani, mazito, kila moja na laini kumi.

Vijana hamkuziona hizi, ngoja nieleze kidogo. Kila laini ilikuwa na kifuniko kidogo cha bati. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko chake kinaanguka pale kwenye bodi. Opereta anachomeka waya, anauliza unataka nani, kisha anachomeka ncha ya pili kwa huyo unayemtaka. Mkimaliza anachomoa. Kazi yote ambayo leo inafanywa na kachipu kadogo ilifanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti, na mtu huyo anakunywa chai, anasinzia, ana wakwe.

Alikuja injinia mmoja kutoka Mwanza kutuelekeza. Mtanzania mwenzetu, mtu wa maneno machache. Tulikaa naye wiki mbili. Tulipitisha waya juu ya nguzo za mikaratusi, pengine tukaupitisha juu ya miti ya watu kwa ruhusa yao.

Niweke hili pembeni kidogo: adui mkubwa wa mtandao wetu hakuwa radi. Alikuwa mgomba. Ule waya ulikuwa imara na haushiki kutu, kwa hiyo watu waligundua haraka kwamba unafaa sana kufungia miti ya kuegemeza ndizi. Unafuatilia laini iliyokufa, unamkuta mama wa watu kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba, na mikungu yake kumi imesimama wima kwa waya wako. Unamsalimia, anakupa ndizi za kuchoma, mnazungumza. Waya anakurudishia nusu.

Turudi kwenye mada.

Injinia aliweka Kayanga katikati. Kutoka Kayanga waya mmoja ulikwenda Ihanda, mwingine ukaenda Nyakakika. Waya mmoja ulibeba mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kwa hiyo alifunga kwenye bodi ya Kayanga kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza, waliokuwa wanaongea wanasikia mlio, kisha wanakatwa, na waya unakuwa wazi kwa mwenye dharura.

Akatukusanya maopereta watatu na mimi fundi, akasema, "Hizi sasa si bodi tatu tena. Ni bodi moja. Na bodi moja ina opereta mkuu mmoja. Naye ni wa Kayanga, kwa sababu yuko katikati na anaona pande zote. Akikata, hakuna kununa."

Akapanda basi akaondoka.

Maopereta wenyewe ni hawa.

Kayanga alikuwa Mama Koku, mama wa miaka kama thelathini, mkali kidogo, mchapakazi kwelikweli. Zahanati ya Nyakakika alikuwa Spesioza, binti wa familia iliyotoka Rwanda zamani, mpole, sauti yake unaitafuta. Ihanda alikuwa Mzee Anatoli. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu. Alinifundisha mimi darasa la kwanza, alimfundisha Mama Koku, na wakubwa karibu wote wa mradi walipita mikononi mwake. Ghalani aliwekwa kwa sababu anaaminika.

Pale ghalani Ihanda ndipo lilipolala gari pekee la mradi, Landrova, kwa sababu ya kubeba kahawa ya maganda. Mgonjwa wa zahanati akizidiwa, Spesioza anapiga Kayanga, Kayanga wanapiga Ihanda, gari linatoka. Shikeni hapo.

Wiki ya kwanza tu, mambo yakachafuka.

Mzee Anatoli alikuwa anaongea na mtu wa Kayanga. Kuongea kwa Mzee Anatoli kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza salamu. Kisha habari za nyumbani, za watoto mmoja mmoja, za ng'ombe, za mvua, za msiba kama upo. Hayo yote kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, na kwa utulivu. Jambo lenyewe lililomfanya apige simu linakuja mwishoni, kwa sentensi moja.

Siku hiyo meneja wa Kayanga alitaka idadi ya magunia haraka. Mama Koku akabonyeza kitufe. Mzee akakatwa katikati ya salamu, mwenzake hajamaliza hata kuitikia.

Mzee hakugomba. Aliweka simu chini, akaifunika na kitambaa, na kuanzia siku hiyo hakuigusa. Ukitaka kujua habari za Ihanda unapanda baiskeli. Meneja alimwandikia barua, akajibu kwa barua, mwandiko mzuri sana, kwamba afya yake hairuhusu kazi za kelele.

Nikaenda kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kwa upole wote. Tulipofika kwenye suala la simu akasema, "Mwanangu, mimi sijakatwa maneno tangu nikiwa mtoto. Nikatwe leo, na mtoto niliyemfundisha kushika kalamu?"

Nilirudi Kayanga nikifikiria. Bodi moja kati ya tatu haifanyi kazi, na lawama zinakuja kwa fundi. Nikajadiliana na Mama Koku. Naye alikuwa anaona aibu, anakutana na mzee kanisani kila Jumapili na hajui aangalie wapi. Yeye ndiye aliyesema, "Si umpelekee hicho kitufe chenyewe akae nacho? Yeye ndiye mkubwa wetu."

Wakuu, ushauri ule tuliuona una busara. Kwetu kikao kikikaa, mkubwa wa umri ndiye anayeongoza, hata kama amekaa mlangoni. Hatukuona kwa nini bodi ziwe tofauti.

Nikafungua skrubu nne. Nikakitoa kitufe Kayanga, nikakifunga Ihanda. Mzee Anatoli akawa opereta mkuu. Akatoa kitambaa juu ya simu, akapiga Kayanga siku hiyo hiyo, akamsalimia Mama Koku vizuri na kumuulizia watoto. Amani ikarudi. Meneja akanipongeza mbele ya watu, na mimi nikajiona fundi wa mitambo na wa binadamu.

Kwa wanaojua stack za leo mmeshaona nilichofanya. Kwenye switch, usipoweka priority, yaani cheo, kwa mkono wako, zinachagua master, yaani mkuu wao, zenyewe, na kwa kawaida anashinda mwenye MAC address ndogo, ile namba ya kiwandani. Mara nyingi huyo ndiye switch mkongwe kuliko wote, yuko stoo huko mwisho wa korido. Mtandao mzima unamsubiri yeye. Mimi nilifanya hivyo hivyo, ila mimi nilifanya makusudi.

Miezi ikapita, hakuna shida.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, siku ya gulio. Nilikuwa Kayanga, nimekaa karibu na Mama Koku nikimbadilishia betri za bodi. Mzee Anatoli alikuwa kwenye laini na mzee mwenzake, Mzee Ferdinandi, aliyekuwa ametoka Bukoba kumuuguza ndugu yake na siku hiyo alikuja pale ofisini Kayanga kupiga simu. Walikuwa hawajaongea muda mrefu.

Kifuniko cha Nyakakika kikaanguka. Mama Koku akachomeka. Spesioza akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kuna mama wa uzazi hapa, ni tangu alfajiri, mtoto hashuki, nesi anaomba gari.

Hakutaja jina. Sikuuliza.

Mama yule alikuwa Adela, dada yangu. Nyinyi mnajua sasa, mimi wakati ule sikujua. Nilijua ana mimba, lakini hesabu ya nyumbani ilisema bado wiki tatu.

Mama Koku akageuka akaniangalia. Waya wa Ihanda una watu. Kitufe hakipo. Alifungua kidogo swichi ya kusikiliza, wazee walikuwa bado kwenye habari za mgonjwa wa Bukoba. Akafunga.

"Fundi, nifanye nini?"

Nataka mnielewe vizuri hapa. Pale mbele yetu kulikuwa na waya umechomekwa. Kuuchomoa ni kazi ya vidole viwili. Au ningeingia kwenye mazungumzo na kusema samahani wazee wangu, kuna dharura. Au ningetembea hatua kumi mpaka chumba alichokaa Mzee Ferdinandi na kugonga mlango. Yote hayo niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilichofikiria ni kwamba nimehangaika wiki nzima kumrudisha mzee kwenye simu, na nikimkata leo nimemaliza kila kitu. Tena Mama Koku alisikiliza mara ya pili, akaniambia wazee wameshafika kwenye habari za mvua, nikajua wanakaribia kumaliza.

Nikachukua simu kwa Mama Koku, nikasema mwenyewe, "Subirini kidogo, gari linakuja. Wazee wanamalizia."

Hawakumaliza. Waliingia kwenye msiba. Kutoka kwenye msiba wakaingia kwenye ng'ombe. Mama Koku alifungua ile swichi mara nne, mara tano. Spesioza alipiga tena, nikamjibu tena hivyo hivyo, hata kabla hajamaliza kusema. Kila nikitaka kusimama nilisema moyoni, sasa wanaagana. Ilipita zaidi ya nusu saa. Sikuangalia saa wakati ule, ila nilimaliza kubadilisha betri zote, na kazi ile naijua inachukua muda gani.

Walipoagana, Mama Koku aliita Ihanda kabla Mzee hajaweka simu chini. Gari likatoka papo hapo. Dereva, Deo, aliacha magunia nusu yamepakiwa.

Kutoka Nyakakika kwenda hospitali Nyakahanga Deo alipita njia ya Kayanga. Nilisimama nje kutazama kama gari linakuja. Alipunguza mwendo, akafungua mlango, akaniambia, "Panda, Fundi. Ni dada yako."

Nikapanda nyuma. Adela alikuwa amelala juu ya godoro, kanga imelowa, nesi kamshika. Akanishika mkono. Sikumbuki niliongea nini, kama niliongea.

Madaktari walifanya yao. Adela akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekufa.

Daktari alituambia huenda hata tungewahi ingekuwa vilevile. Huenda. Hilo neno nimekaa nalo miaka yote hii.

Tulimzika mtoto kwenye kibanja cha shemeji. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikaitikia pamoja nao. Niliona aibu kuliko huzuni, ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya wiki nilichukua bisibisi nikaenda Ihanda. Njiani nilitunga uongo mzuri kwamba kitufe kina hitilafu na kinatakiwa Kayanga kwa matengenezo. Nilipofika nikashindwa kuusema. Nikamweleza Mzee Anatoli yote: siku ile, saa ile, alikuwa anaongea na nani, na nani alikuwa anasubiri.

Akauliza, "Waya si ulikuwa mbele yenu?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini hamkuuchomoa?"

Nikasema tulikuheshimu, mwalimu.

Akasema, "Mimi nilikasirika kukatwa kwa ajili ya magunia. Mtu anakufa, ndipo mnaniheshimu?" Alisema taratibu, bila ukali, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mmenifanya nimuue mtoto kwa salamu. Na hamkuniuliza hata kama nataka."

Akashika bisibisi mwenyewe akafungua zile skrubu. Nikataka kumsaidia, akakataa. Akanikabidhi kitufe kwa mikono miwili. Aliendelea na kazi mpaka mradi ulipofungwa, na kuanzia siku hiyo kila akipiga Kayanga alianza kwa kusema, "Mama Koku, ukiwa na shida nikate." Ndipo anasalimia.

Sasa mafunzo, kwa yule kijana mwenye switch nne.

Kuunganisha ni rahisi. Cable zina sehemu zake, hata asiyesoma atazichomeka. Kazi ni kuchagua nani anaamua. Weka priority mwenyewe, kwa mkono, kwa kuangalia aliyekaa mahali panapoona wote. Usiangalie nani ni mkongwe, nani ni ghali, nani bosi anampenda. Ukishaweka, iandike ukutani. Na kabla hujaondoka ofisini mzime huyo master makusudi, uone wengine wanafanyaje.

Jambo la pili halihusu switch. Mtu unayemheshimu muulize anataka aheshimiwe vipi. Sisi tulimwamulia.

Kimebaki kipande kimoja.

Adela sikumwambia habari za kitufe. Miaka ikaenda, akapata watoto wanne wengine, leo ana wajukuu. Kila nikienda nyumbani ananipikia, ananifungia na mkungu wa kurudi nao mjini. Mwaka jana nilimkuta amekaa jikoni anamenya ndizi, tuko wawili tu. Nikaona umri umekwenda, nikamwambia yote, kuanzia skrubu ya kwanza.

Alisikiliza huku anamenya. Nilipomaliza akasema, "Kitufe sikijui mimi. Ila nilikusikia."

Nikamuuliza alinisikia wapi.

"Ile bodi yenu si mliiweka kwenye chumba cha kujifungulia? Nilikuwa nimelala pale pembeni yake. Spesioza alishika simu, nikasikia sauti yako inasema tusubiri, gari linakuja."

Akachukua ndizi nyingine.

"Wanaume walikuwa wameshaleta machela, wako mlangoni. Walitaka kunibeba mpaka barabara kubwa, malori ya gulio yalikuwa yanapita. Nikawaambia waiweke chini. Nikawaambia, mdogo wangu yuko kwenye simu, hawezi kuniacha."

Kisha akanionyesha lilipo sufuria, akaniambia nimletee maji.

Wakuu, nimemaliza. Wenye mtandao wa switch zaidi ya moja, naomba mniandikie hapa chini: master wenu ni nani, na ni nani aliyemchagua. Kama hamjui, nendeni mkaangalie kwanza, kisha mrudi kunitukana. Nipo.